Ubishi Wangu na Ghania

Nyinyi vijana watatu mliokuwa mkija kwangu Ghubra, hapa Maskati, kila wiki kuzungumzia wagonjwa wenu ndio mlionichokoza. "Dokta Nasra, chumba cha wagonjwa umeshakifunga, sasa andika." Haya, nnaandika. Vyeo sitovitaja, kwa sababu vilipokuja sikujua vya nini, na nilipojua vilikuwa vimeshapita. Majina ya wagonjwa nimeyageuza yote na mambo yao nimeyachanganyachanganya, mpaka mwenyewe akijisoma aseme, maskini, nani huyu.

Nililetwa Maskati kutoka Unguja nikiwa na umri wa kuanza skuli. Nyumbani Kiswahili, nje Kiarabu, na Kiarabu changu kilikuwa cha kuchekesha wenzangu. Mtoto anayenyamaza darasani kwa kuogopa kuchekwa husikia mengi: nani kagombana na nani, mwalimu gani hakulala vizuri, nani hana mama. Nafikiri kazi yangu ilianzia pale, kabla sijajua kuwa ni kazi.

Nikapelekwa Uingereza kusomea udaktari. Kutoka kwenye maradhi ya akili nikahamia kwenye uchambuzi wa nafsi, yaani kumtibu mtu kwa kumwacha aseme mpaka ajisikie mwenyewe anachokisema. Mama yangu, tuliyekuwa tukimwita Bimkubwa, alitaka nimweleze kwa simu.

"Kwa hivyo mgonjwa analala kwenye kochi, we umekaa nyuma yake kimya?"

"Ndiyo, Bimkubwa."

"Na huo ndio udaktari?"

"Ndio huo."

"Basi na mimi ni daktari. Tena mie natia na chai."

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya watoto, katika mji mmoja wa mvua huko kaskazini, niliwekwa chini ya mama mmoja wa Kiingereza aitwaye Doreen. Mrefu, mwembamba, sweta lake limetoboka kiwikoni. Aliniketisha chumbani na mtoto mdogo aliyekuwa akihangaika na kifuniko cha gundi, naye akakaa pembeni. Mtoto akazungusha, akang'ata, akazungusha. Nikanyoosha mkono nikamfungulia. Mtoto akaiweka gundi chini na hakuigusa tena.

Alipoondoka Doreen akaniuliza, "Ulimfungulia kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yake."

"Fikiri tena."

Nilifikiri mpaka jioni. Mtoto hakuwa ameomba. Mkono wangu ndio uliochoka kungoja.

Mambo mengine niliyoyapata kwa Doreen mnayajua, maana nimewachosha nayo. Viti viwe vya urefu mmoja. Saa iwekwe pahala mnapoiona wote wawili, usimwibie mgonjwa macho ukitazama mkononi. Boksi la tishu liwe karibu naye lakini usimpe. Ukimpa mtu tishu umemwambia basi, futa, imetosha. Na kubwa kuliko yote: kama hujui, sema hujui, kisha kaa. Wengi wetu tunaliweza lile la kwanza. Kukaa ndiko kunakotushinda.

Ghania nilimkuta mbele ya lifti ya hospitali hiyohiyo. Nilikuwa nimesimama na Waingereza wanne wasiosemezana, nikasikia nyuma yangu, "Ya Rabbi, na hii lifti nayo imekufa." Nikajibu bila kugeuka, "Tangu jana, bibi." Akapiga ukelele, wale wanne wakaruka. Mama yake alikuwa wa Unguja, ameolewa Sidab, kwetu Maskati. Yeye mwenyewe alikuwa daktari wa homoni za watoto. Tangu siku ile hatukuachana. Jumamosi tukipika wali na mchuzi wa papa kwake, madirisha wazi hata kwenye theluji, na jirani wa juu akigonga mlango kuuliza kama kuna kitu kimefia humu.

Baadaye tukawa kwenye timu moja. Watoto wakaanza kuja, mwanzo mmojammoja, kisha kila wiki, wanaosema kuwa wao si wa jinsia waliyozaliwa nayo. Msichana akisema ni mvulana, mvulana akisema ni msichana. Kazi yangu ilikuwa kuzungumza nao. Kazi ya Ghania ilikuwa dawa: za kusimamisha baleghe kwanza, na baadaye, kwa wakubwa kidogo, homoni zenyewe. Kwenye vikao watu waligombania hata neno moja, mtoto asemwe kwa lile neno la Kizungu la mwanamume au la mwanamke, na nusu saa ikaishia hapo. Mimi na Ghania tukitoka tukakaa kwenye ngazi za nyuma tukamzungumza mtoto yuleyule kwa Kiswahili, yeye, mwenzetu, mtoto wa watu, na lugha haikututaka tuchague chochote. Mara nyingi kwenye zile ngazi ndipo tulipomwelewa.

Robini alikuwa na miaka kumi na minne. Analetwa na bibi yake, anakaa na koti lake, hasemi. Alizaliwa msichana na alitaka kuwa mvulana, na hilo alilisema siku ya mwanzo kwa sentensi moja, kama mtu anayetoa tiketi. Baadaye sana ndipo akaniambia kuwa alikuwa na kaka aliyekufa mdogo, na kwamba baba yake tangu hapo hajacheka nyumbani. Lilipotoka lile nilihisi tumefika mlangoni. Hatujaingia, mlangoni tu.

Nami nikasimama kwenye kikao nikasema tusimwanzishie sindano za kusimamisha baleghe. Nikasema mtoto aliye kwenye baleghe ni nyumba ambayo fundi bado yumo ndani. Nakhofu tutamfungia mlango wa swali kabla hajaliuliza. Nikasema tusiyoyajua kuhusu dawa hizi ni mengi, mengine hayarudi nyuma, na tuna haki gani kuyaficha mbele ya bibi yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa rai yangu kwa watoto wote walio chini ya utu uzima, na mpaka leo nnayo.

Ghania alingoja mpaka tukafika kwenye ngazi.

"We unataka angoje mpaka lini?"

"Mpaka ajue."

"Ajue nini?"

"Anachokilia."

"Nasra, kwako wewe kila mtoto ana anachokilia. Huyu amekwambia anachotaka tangu siku ya mwanzo. Hiyo ya kaka yake ni hadithi yako, si yake."

"Ana miaka kumi na minne, Ghania."

"Na mwili wake una miaka kumi na minne vilevile, na haungojei vikao vyetu. Kila mwezi unapita juu yake kama gari. Kungoja nako ni kutenda. Usinyooshe mikono ukaniambia mitupu."

Jibu la hilo hata leo ninalo nusu tu.

Timu ilikubaliana na Ghania. Mimi nikaendelea kusema, kikao baada ya kikao, na baadaye mbele ya madaktari wa miji mingine. Baadhi ya wenzangu wakaacha kukaa meza yangu. Wengine walinifuata kwenye maegesho kuniambia kwa sauti ndogo kuwa wako pamoja nami. Hao sikupata kuwasikia kwenye kikao. Robini alikuja mara ya mwisho kuniaga. Alivua koti, mara ya kwanza, akalikunja magotini.

"Ulikuwa unanisikiliza vizuri," akasema. "Lakini ulikuwa unangojea nibadilike."

Akaondoka na bibi yake. Sijui alikuwaje baadaye. Mtu akija kuniambia kuwa alifurahi nitamwamini, na akija mwingine kuniambia kuwa alijuta nitamwamini pia. Kazi yetu hii huwaoni watu wakizeeka.

Ghania akaniita kwake. Hakupika.

"Umesimama mbele ya watu ukasema tunawafanyia watoto majaribio."

"Sikukutaja jina."

"Daktari wa homoni pale ni mmoja, Nasra."

Tangu siku ile tukikutana kwenye ukumbi alinisalimia kwa Kizungu. Sijui kama nyinyi mtalielewa hilo. Kunitukana kungekuwa nafuu.

Bimkubwa akaugua, nikarudi Maskati, nikapanga chumba Ghubra juu ya mshonaji wa mabuibui. Chumba kilikuwa na milango miwili na ndiyo maana nilikichukua. Hapa kila mtu ni binamu wa mtu. Anayeingia asikutane na anayetoka. Hata hivyo mgonjwa wangu wa kwanza alikuja na shangazi yake, mama yake, na sahani ya halwa, na wote watatu wakakaa. Nilipomwomba shangazi atoke akaniuliza kama kuna siri. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi ndo khasa nibaki."

Nilijifunza upya. Nilijifunza kuwa mtu anaweza kuanza kwa Kiarabu, akalia kwa Kiswahili, akamaliza kwa Kizungu anapotaka kujitia nguvu, na lazima usikilize wapi anahama. Nilijifunza kutoshindana na mganga wa Qurani aliyemsomea kabla yangu. Mara nyingi tulikuwa tunatibu usingizi uleule. Miaka ile niliipenda. Nilichokikosa ni mtu wa kukaa naye ngazini.

Siku moja nikaalikwa nizungumze mbele ya wazazi na madaktari, habari za watoto na baleghe. Nikasema niliyoyasema Uingereza, maneno yaleyale: mtoto asianzishiwe dawa za kubadili mwili, apewe muda, apewe mtu wa kumsikiliza. Kule watu walikuwa wakitazama viatu. Hapa walinipigia makofi mpaka nikapoteza karatasi niliyokuwa nikisoma. Nilitafuta uso mmoja wa kubisha nikaukosa, na makofi yale hayakunifurahisha.

Nje akanijia mwanamume mmoja wa makamo, kanzu yake ya dishidasha imenyooka, Kiswahili chake cha Unguja kitamu kama cha baba yangu. Bwana Saleh, anakaa Hail, mtaa wa hapahapa Maskati.

"Dokta, umetuponya. Mwanangu Hilali ana miaka kumi na sita. Amenambia yeye ni mwanamke, wallahi, kanambia mbele ya mama yake. Nimeshachukua simu, nimemnyoa nywele, skuli haendi, chumbani nimemtilia kufuli. Nilikuwa nna wasiwasi, lakini leo nimekusikia, moyo umetulia."

"Bwana Saleh, mimi sikusema hivyo."

"Umesema wasiachiwe."

"Nimesema asipewe dawa. Sikusema anyimwe mlango."

Akanitazama kwa adabu, kama mtu aliyesikia lugha nyingine. "Tofauti iko wapi, Dokta? Si yote ni kumzuia?"

Nikamwambia nataka kwenda kwake, sasa hivi. Nikamfuata kwa gari mpaka Hail. Mkewe alinipokea kwa kahawa. Kufuli ilikuwa nje ya mlango, mpya, bado ina alama ya bei. Bwana Saleh akafungua. Hilali alikuwa amekaa sakafuni, kichwa kimenyolewa vibaya, kina mikwaruzo. Nikamsalimia, akaitikia. Nikamuuliza kama naweza kukaa, akainua bega. Nikakaa sakafuni nami, kwa kuwa viti vya urefu mmoja havikuwepo. Hakusema kitu, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu ukimya wa mgonjwa ulinitisha.

Nikaaga kwa muda, nikaenda kukaa ndani ya gari, kiyoyozi kinapuliza, na nikapiga namba ambayo sikuipiga miaka.

"Nani?" kwa Kizungu.

"Mimi."

Kisha, kwa Kiswahili, "Bimkubwa kafa?"

"Alikufa mwaka jana."

"Sikuambiwa."

"Sikukwambia."

Nikamsikia anavuta pumzi. Alikuwa akimpenda Bimkubwa. Walikuwa wakigombana kwa simu juu ya tui la nazi. "Mungu amrehemu," akasema. "Haya, sema ulichonipigia."

Nikamweleza. Sikujitetea na yeye hakunishitaki, ingawa nafasi alikuwa nayo ya kutosha.

"Kasema anataka kufa?"

"Sijamuuliza."

"Rudi ndani umuulize. Kwa neno hilohilo, usizungukezunguke. Kisha mwambie baba yake mwanawe kakujibu nini. Halafu nipigie."

"Ghania, mimi bado rai yangu..."

"Rai yako naijua, na yangu unaijua. Kwanza tuwe na mtoto wa kugombania. Rudi ndani."

Nikarudi. Nikakaa palepale sakafuni nikamuuliza, "Hilali, unataka kufa?" Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyesimamishwa njiani na asiyemjua akaitwa kwa jina.

"Juzi nilikuwa nataka," akasema. "Leo nimechoka tu."

Nilimuuliza kama naweza kumwambia baba yake. Akatikisa kichwa kuwa ndiyo. Bwana Saleh alikuwa amesimama ukumbini na funguo mkononi. Nikamwambia kama nilivyoambiwa, bila kupunguza. Alikwenda akarudi na bisibisi, akapiga magoti, akaanza kuifungua ile kufuli na komeo lake mlangoni. Hakuwa fundi, bisibisi ilimteleza mpaka ikamkata. Mkewe akataka kumsaidia, akamkatalia.

Hilali akawa anakuja Ghubra kila wiki. Siku ya kwanza nilimwambia ukweli, kwa sababu watoto wa umri ule hunusa.

"Mimi si katika wanaokubali dawa kwa mtu wa umri wako. Na pia sitokuponya na hicho unachosema ndicho ulicho, kwa kuwa si maradhi ninayoyajua."

"Basi tutakaa tufanye nini?"

"Tutazungumza."

"Juu ya nini?"

"Lolote. Hata hilo tuliache, kama umelichoka."

Kisha akaniuliza kama najua hisabati. Nikamwambia hata kidogo. Basi akanifundisha, wiki nyingi, na mimi nilikuwa mwanafunzi mbaya sana, na humo ndani ya hisabati yakaja mengine: baba yake, skuli, khofu, na lile jina jingine alilokuwa akijiita moyoni. Hakubadilika. Safari hii nilikuwa najitazama kila saa, nisimngojee abadilike. Kila baada ya kikao nikimpigia Ghania, bila kumtaja mtoto jina, tukabishana kama zamani. Alinambia kuwa namcheleweshea mtoto maisha. Nilimwambia kuwa namlindia chaguo. Kwa yule mtoto, tuliyokubaliana yalikuwa haya tu: alale, ale, aende skuli, na nyumbani asiogope mtu. Mnapokuja kusoma makala za kila upande, na mtazisoma, kumbukeni kuwa haya manne hayana upande.

Hilali alimaliza skuli akaenda kusoma nje. Huko, akiwa mtu mzima, akafanya alilolitaka kwa mwili wake. Mtu mzima sina la kumwamulia. Aliniandikia salamu kwenye simu mara mojamoja na picha za theluji, akitumia jina lile jingine. Nami nikamjibu kwa jina hilo.

Ghania naye hatorudi. Kila Ijumaa namwambia chumba chake kipo, na kila Ijumaa ananambia kuwa mumewe kazikwa kule na wajukuu wake hawajui hata kusema asante. Hatujakubaliana bado. Yeye anaona nilikuwa mwoga niliyeiita khofu yangu hekima; mimi naona alikuwa na haraka aliyoiita huruma. Baada ya hapo tunaulizana habari za magoti. Sauti peke yake haitoshi. Kuna siku namtaka yeye mwenyewe, na miguu yake na kikohozi chake, akae mbele yangu aninyooshee kidole.

Chumba nilikifunga baada ya Idi. Viti nimewagaieni. Wiki za kwanza nilikuwa nikivaa asubuhi kama mtu wa kwenda mahali, kisha nikakaa.

Wiki iliyopita kengele ikalia, alasiri. Bwana Saleh, amezeeka, fimbo mkononi. Nikamkaribisha majilisi, chumba cha wageni. Hakugusa tende.

"Dokta, najua umestaafu."

"Karibu tu, Bwana Saleh."

"Nimekuja kukuuliza neno." Akaizungusha fimbo. "Mama yake huzungumza naye kila siku. Mimi tangu aondoke sijasema naye. Mwanzo kwa hasira. Sasa hasira sina, nnaitafuta siioni. Lakini nikimpigia, nianze vipi? Jina nililompa mimi halitaki. Hilo jingine nimejaribu, peke yangu, ndani ya gari. Ulimi unagoma."

"Usiite jina. Salimia tu."

"Nikisalimia kisha?"

"Kisha ungoje."

"Asipojibu?"

"Utakuwa umesalimia."

Kisha akatoa simu kwenye mfuko wa dishidasha, akaishika mbali na macho, akabonyeza. Nikanyanyuka. Akaniashiria nibaki, nikamwambia naweka chai, nikaingia jikoni nikaurudisha mlango nyuma yangu.

Nikaisikia simu ikiita. Ikaita, ikaita, kisha ikapokewa, na Bwana Saleh akasema salamu, nzima, mpaka mwisho wake, kama anayesalimia msikiti. Akangoja. Halafu, kwa sauti ambayo sijamsikia nayo kabla, akasema, "Ndiyo. Ni mimi."

Chai ilikuwa ikifurika. Mguu wangu ulikuwa tayari umegeuka kuelekea mlangoni, wenyewe, kwa mazoea ya umri mzima: kuna mtu anasema neno asilopata kulisema, na pahala pangu ni kwenye kiti cha mbele yake. Nikasimama na mkono kwenye kitasa. Upande wa pili wa mlango Bwana Saleh akaanza kuuliza habari za baridi, za masomo, akicheka na huku analia, na hakuna aliyekuwa akinihitaji humo. Nikazima jiko, nikavuta kigoda, nikakaa.